Usikate mti: chagua mimea inayopenda kivuli

Mwaka jana, mwezi wa 9, tulikutana katika parsele ya mmoja wetu huko Katuba. Tulikaa kama kawaida chini ya mti mkubwa wa maembe, viti vimezunguka shina, watoto wakiandika masomo yao pembeni. Tulipomaliza hesabu ya likelemba, mwenye nyumba akasimama akasema: "Wadada, huu mkutano ni wa mwisho chini ya mti huu. Nimeita mtu wa shoka. Anakuja siku ya posho."

Tulinyamaza. Mti ule ulipandwa na mama mkwe wake, ambaye leo ni marehemu. Lakini mama yetu alikuwa na sababu. Parsele yake ni ndogo, watoto ni sita, na mti umefunika karibu uwanja wote. Majira mawili ya mvua alijaribu kupanda mboga chini yake. Mara ya pili tulimsaidia sisi wenyewe, kwa mbegu tulizonunua na pesa ya chama. Tulipanda lenga-lenga. Ilichipuka vizuri, kisha ikarefuka, ikawa nyembamba kama uzi, ikainama, ikatoa maua kabla ya kutoa majani ya kujaza hata sufuria moja. Pesa ya chama ilipotea, na maneno hayakukosa.

"Mti huu unakula chakula cha watoto wangu," alisema. "Nikiukata, nitapata makala ya miezi miwili na jua la kupanda sombe."

Tulimwomba atupe mwaka mmoja tu. Leo tunawaandikia tuliyojifunza katika mwaka ule, kwa sababu tunajua parsele nyingi za mji wetu zina hali hiyohiyo: mti wa maembe au wa avoka, ukuta mrefu wa jirani, na mama anayetazama kivuli chake kama deni.

Kosa letu la kwanza

Tulipokosea na lenga-lenga, tulikuwa tumefuata kanuni ambayo watu wa bustani wanaijua: mmea unaoupandia tunda, nafaka au maharagwe unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na mmea unaoupandia majani unaweza kuvumilia na saa tatu au nne. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ina watu wake wasiotii. Lenga-lenga ni majani, lakini ni mtoto wa jua kali. Sombe, ngai-ngai na majani ya maboga pia ni hivyo. Ukiviweka kivulini, havifi mara moja. Vinakudanganya wiki tatu, kisha vinakata tamaa.

Kumbe hatukuwa na ubaya wa udongo, wala wa mbegu. Tulimpeleka mtoto kwenye shule isiyo yake.

Chunguza kivuli chako kwanza

Sisi tunaofundisha tunajua kwamba huwezi kumpa mwanafunzi kazi kabla ya kujua yuko darasa la ngapi. Kivuli nacho kina madarasa yake.

Chagua siku moja ya jua. Saa tatu ya asubuhi, saa sita ya mchana na saa tisa ya alasiri, wape watoto vijiti au vijiwe waweke alama pale kivuli kinapoishia. Watafurahi, na ni somo la kweli. Jioni utaona parsele yako imegawanyika sehemu tatu.

Ya kwanza ni nusu kivuli: mahali panapopata jua la asubuhi au la jioni, saa tatu au nne hivi. Ya pili ni kivuli chepesi: jua linapita katikati ya majani na kudondoka chini kama madoa, kwa mfano chini ya mpapai au mzunze. Ya tatu ni kivuli kizito: chini kabisa ya mwembe, ambapo jua halifiki siku nzima.

Kama huna siku nzima, nyosha mkono wako juu ya udongo saa sita ya mchana. Ukiona kivuli cha vidole vyako wazi, hapo kuna mwanga wa kutosha kwa mboga kadhaa. Ukiona wingu tu, bila vidole, hapo ni kivuli kizito.

Angalia pia mti wenyewe. Jakaranda na flamboayani za avenyu zetu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na chini yake mwanga unarudi kwa muda. Mwembe haupukutishi majani yote. Kivuli chake kinadumu mwaka mzima. Basi mimea ya chini ya jakaranda si lazima iwe ile ya chini ya mwembe.

Ukuta: vitabu vya Ulaya vinatugeuza

Hapa kuna jambo ambalo wengi tunalikosea. Vitabu vingi vya bustani tunavyosoma kwa Kifaransa vimeandikwa Ubelgiji au Ufaransa. Vinasema kwamba upande wa kaskazini wa ukuta ndio wa kivuli na baridi, na upande wa kusini ndio wa jua. Kwao ni kweli. Kwetu sivyo.

Lubumbashi iko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 11 na nusu. Katika mwezi wa 6, jua la saa sita linasimama upande wa kaskazini. Ukuta wenye urefu wa mita 2 unatupa kivuli cha karibu mita 1 na nusu upande wake wa kusini. Halafu jua linapanda kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwezi wa 10 liko juu ya vichwa vyetu kabisa. Kuanzia hapo mpaka katikati ya mwezi wa 2 linasimama kidogo upande wa kusini. Mwezi wa 12 ukuta uleule unatoa kivuli cha sentimita 40 hivi tu, na sasa kiko upande wa kaskazini.

Maana yake kwa mama mwenye jembe ni nini? Tuta lililo kusini ya ukuta linapata kivuli wakati wa kiangazi, wakati maji ni ya kubeba kwa ndoo na udongo unakauka haraka. Kisha linapata jua wakati wa mvua, mimea inapokua kwa nguvu. Hiyo ni nafasi nzuri sana kwa seleri, persili, nanaa na kabichi ya Kichina. Wengi tumeiacha kuwa mahali pa kutupa vyombo vilivyovunjika.

Kama hujui pande, simama asubuhi ukiangalia jua linapotoka. Mkono wako wa kushoto unaonyesha kaskazini, wa kulia unaonyesha kusini.

Nini kinapenda wapi

Kwa nusu kivuli: panda kabichi ya Kichina, hasa mwezi wa 9 na wa 10. Joto la miezi hiyo linaifanya itoe maua haraka, na kivuli cha mchana kinaituliza. Weka pia seleri, persili, vitunguu vya majani na nanaa. Nderema, mboga ile yenye majani manene yanayoteleza, inakubali hapo na kupanda juu ya fito. Matembele yatakupa majani ya kupika, lakini usitegemee viazi chini. Viazi vinataka jua.

Kwa kivuli chepesi: hapa ndipo mahali pa tangawizi na manjano. Mimea hii miwili inapenda joto na unyevu bila kuchomwa na jua. Mvua zinapoanza, mwezi wa 10 au wa 11, chukua kipande cha tangawizi ya sokoni chenye macho yaliyovimba. Kizike sentimita 5 hivi, kwenye udongo uliochanganywa na mbolea ya majani iliyooza vizuri. Usikizike mahali maji yanaposimama, kitaoza. Mwezi wa 5 au wa 6 majani yakigeuka manjano na kulala, usilie: ndiyo ishara ya kuvuna. Weka vipande kadhaa kwa mbegu ya mwaka unaofuata, na hutanunua tena.

Magimbi, ambayo wengine wanayaita mateke, nayo yanavumilia kivuli, hasa mahali penye unyevu, kama pale maji ya kuogea yanapopita. Lakini kumbukeni: gimbi na majani yake lazima yaive kabisa. Yakiwa mabichi yanawasha mdomo na koo.

Kwa kivuli kizito: tuseme ukweli, hapo hakuna mboga. Usipoteze mbegu. Hapo weka mimea ya kupendeza macho, au acha pawe sebule ya nje: benchi, mkeka, mahali pa watoto kusoma. Mmea unaofaa zaidi ni ule wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye mistari, ambao kwa Kifaransa unaitwa "ulimi wa mama mkwe". Kicheka chenu tunakisikia. Mmea huo asili yake ni Afrika, kuanzia Nijeria mpaka Congo yetu, na haufi kwa kukosa maji wiki mbili.

Tena mjue, wamama, kwamba mimea mingi ya kivuli inayouzwa Ulaya kwa bei ilitoka kwetu. Ua la impatiens linalopandwa huko chini ya miti lilitoka Afrika ya mashariki. Ua dogo la rangi ya urujuani linaloitwa Saintpaulia, linalokaa madirishani mwa nyumba nyingi za ng'ambo, lilichukuliwa karibu na milima ya Usambara, Tanzania, mwaka wa 1892. Kahawa ya robusta nayo ni mmea wa msitu wa Afrika, na misitu ya Congo ni kati ya nyumba zake za asili. Tunaona kivuli kama umaskini, na kumbe kutoka kivuli cha misitu yetu watu wa mbali wamepata mali.

Mizizi ya mti ni wenye nyumba

Chini ya mti mkubwa si mwanga tu unaokosekana. Mizizi inakunywa maji kabla ya mboga zako. Tulilijua hilo kwa kuchimba: jembe liligonga mizizi kila mahali. Usiikate mizizi minene, kwa maana mti utadhoofika na upepo wa mvua unaweza kuuangusha juu ya nyumba. Usirundike udongo kwenye shina pia, gome litaoza.

Fanya hivi. Chukua magunia, mabeseni ya zamani au ndoo zilizopasuka, toboa matundu chini, jaza udongo na mbolea. Viweke juu ya matofali mawili matatu, ili mizizi ya mti isipande na kuingia ndani. Majani yanayoanguka usiyachome. Tandaza juu ya udongo, unene wa vidole vitatu, yatunze unyevu. Majani ya mwembe yanaoza polepole, kwa hiyo yaponde kwanza kwa miguu. Hiyo ni kazi nyingine ambayo watoto hawataikataa.

Unaweza pia kuongeza mwanga bila kuua mti. Maembe yakiisha, mwezi wa 2 au wa 3, kata matawi ya chini mpaka urefu wa mita 2 au 3. Punguza na yale yanayobanana katikati. Usizidi robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Chini ya mti wetu wa Katuba, kivuli kizito kiligeuka kuwa kivuli chepesi upande mmoja. Na makala yalipatikana kidogo kutoka matawi yale, mwenye nyumba hakukosa yote.

Tahadhari tatu kwa wenye watoto

Ya kwanza ni sumu. Kati ya mimea ya kivuli inayopendwa kwa urembo, kuna dieffenbachia, yenye shina nene na majani mapana yenye madoa meupe, na kaladiamu, yenye majani kama moyo, mekundu au meupe. Utomvu wake unachoma mdomo na kuvimbisha ulimi. Kaladiamu inafanana na gimbi, kwa hiyo usipike kamwe jani ambalo hukulipanda mwenyewe ukijua ni la chakula. Kama una mtoto anayetambaa, mimea hiyo isikae chini. Mtoto akitafuna, futa mdomo, msukutue kwa maji, usimlazimishe kutapika, mpeleke kwenye kituo cha afya pamoja na jani lenyewe.

Ya pili ni mbu. Kivuli na maji yaliyosimama ni nyumba yao. Usiweke sahani chini ya vyungu, au uzimwage kila siku mbili tatu. Mwagilia asubuhi, si jioni.

Ya tatu ni vumbi letu la Katanga. Tunaishi katika mji wa shaba. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi mwilini. Mti unashika vumbi kwenye majani yake, na mvua ya kwanza inaliosha na kuliangusha chini, juu ya mboga zako. Basi mboga za chini ya mti zioshwe mara tatu kwa maji safi, na tangawizi na magimbi yamenywe. Kama parsele yako iko karibu na kiwanda au jaa la mabaki ya madini, usipande chakula kwenye udongo wa hapo. Tumia magunia yenye udongo uliotoka mbali.

Mwaka ulipoisha

Mwezi wa 6 mwaka huu tulirudi Katuba na ndoo. Tulivuna tangawizi ya kujaza ndoo moja na nusu kutoka magunia 11. Seleri na nanaa za kusini ya ukuta zilikuwa zinauzwa kwa majirani tangu mwezi wa 3. Upande wa ndani, karibu na shina, kulikuwa na ndimi za mama mkwe na benchi jipya.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Mama yetu alituangalia akasema: "Tangawizi hailiwi na bukari. Sombe yangu iko wapi?"

Alikuwa na haki, na swali lake ndilo lililotufundisha kuliko mavuno. Mti ule hautampa sombe kamwe. Lakini kuna mama mwingine wa chama chetu, huko Ruashi, parsele yake haina hata mti mmoja. Sombe na lenga-lenga zake zinastawi, na seleri yake inakauka kila mwaka mwezi wa 9. Wale wawili wamepatana: kila juma mosi mboga za jua zinakuja Katuba, na za kivuli zinakwenda Ruashi. Hakuna pesa inayopita. Sasa watano wengine wameingia katika mpango huo.

Basi tunawaomba jambo dogo. Kabla mvua hazijaanza, fanyeni kazi ya vijiti: saa tatu, saa sita, saa tisa. Mje kwenye mkutano na jibu moja tu, parsele yako ina nini zaidi, jua au kivuli. Tutaandika majina kwa safu mbili na kuwaunganisha wenye jua na wenye kivuli. Tangawizi ya mbegu ipo. Mwenye nyumba wa Katuba ametenga kipande kimoja kwa kila mama atakayekuja.

Mtu wa shoka alirudi mwezi uliopita kuuliza kama kazi bado ipo. Mama yetu alimpa kiti chini ya mti, akampa na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikunywa, akaaga, akaenda zake.